Mkutano wa mtaa unataka kufunga vibanda vya gemu. Nijitetee vipi?

Swali

Wakili, habari za kazi. Nina kibanda cha gemu Tandika, televisheni nne na pleisteshen nne. Mechi moja shilingi mia tano, aliyefungwa anampisha mwingine. Wiki iliyopita mzee mmoja wa mtaani kwetu aliweka kwenye kundi la WhatsApp sauti inayosema mahakama ya Marekani imethibitisha kwamba gemu zinafanya watoto waue watu, na kwamba nchi nyingi zimeshapiga marufuku. Tangu hapo kelele haziishi. Wanasema watoto wanatoroka shule, wanajifunza ukatili, na kibanda changu ni kamari tu kama yale madubwi. Mwenyekiti ameitisha mkutano wa mtaa, na ajenda mojawapo ni kufunga vibanda vyote vya gemu. Sikatai, jioni vijana wakubwa huwekeana buku buku na mshindi anabeba, ila mimi sichukui kitu hapo zaidi ya hela ya mechi. Je, hayo ya mahakama ni kweli? Mkutano unaweza kunifungia? Na nikisimama kujitetea niseme nini?

Mwenye kibanda, Tandika

Jibu

Ndugu yangu wa Tandika,

Umeuliza maswali matatu, lakini lenye hatari kuliko yote hukuliuliza. Umelipitisha chini chini kwenye ile sentensi ya buku buku. Nitalifikia. Kwanza tumalize la mahakama, maana ndilo lililowasha moto kwenye kundi lenu.

Sauti hiyo imeigeuza habari kichwa chini miguu juu. Kesi kubwa ya gemu iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani ni ile ya Brown dhidi ya Entertainment Merchants Association, na hukumu yake ilitolewa Juni 2011. Walioshindwa ni wale waliotaka gemu zibanwe. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2005 ya kukataza kumuuzia au kumkodishia mtoto wa chini ya miaka 18 gemu zenye ukatili mkubwa, na muuzaji atakayekiuka atozwe faini isiyozidi dola 1,000. Aliyeitia saini ni gavana Arnold Schwarzenegger, yule yule aliyepata jina kwa filamu za kumimina risasi. Wafanyabiashara wakakimbilia mahakamani kabla sheria haijaanza kutumika, na mwisho wa safari majaji saba kati ya tisa wakasema inavunja katiba.

Sababu zao zinafaa uzijue. Jaji Antonin Scalia, mhafidhina anayejulikana, aliandika kwamba ukatili katika hadithi za watoto haukuanza na gemu. Akakumbusha hadithi za kale za ndugu Grimm wa Ujerumani: malkia mbaya anayechezeshwa ngoma ndani ya viatu vya moto hadi anakufa, dada wa kambo wanaodonolewa macho na njiwa, watoto wawili wanaomtia mchawi ndani ya tanuri. Angekulia huku kwetu nadhani angetaja mazimwi yanayomeza kijiji kizima na shujaa anayeyapasua matumbo, na tuliyasikiliza hayo tukiwa hatujaanza hata shule. Kuhusu utafiti, mahakama ilisema kazi za kitaalamu zilizoletwa hazikuthibitisha kwamba gemu zinasababisha ukatili, zilionyesha tu kwamba mambo hayo mawili huonekana pamoja. Mtaalamu aliyetegemewa na jimbo alikuwa amekiri kwamba athari za namna hiyo hupatikana hata kwa watoto wanaoangalia katuni za Bugs Bunny.

Aliyeupeleka muswada ule bungeni, Leland Yee, alikuja kukamatwa mwaka 2014. Alikiri kosa la kula njama katika kesi ya rushwa ambayo ndani yake mlikuwa na ahadi ya kuingiza silaha kimagendo, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Hilo halithibitishi chochote kuhusu gemu. Nakuambia kwa sababu najua utalikuta mtandaoni na utatamani kulisema mkutanoni. Usiliseme, litakuchafulia hoja zako nzuri.

Na hukumu yenyewe usiitambie sana. Imesimama juu ya katiba ya Marekani, ambayo inalinda uhuru wa kujieleza kwa namna isiyolingana na yetu. Katiba yetu inautoa uhuru huo katika Ibara ya 18, kisha Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea mipaka kwa ajili ya maslahi ya umma, yakiwemo maadili. Wakili wa Manispaa akisikia unamtajia Scalia, atakufungulia Ibara ya 30 na utakaa chini. Itumie hukumu hiyo kwa kazi moja tu: kumwonyesha mzee kwamba sauti aliyoisambaza si ya kweli.

Sayansi je? Hapa nakuomba uwe mkweli kuliko wanaokushambulia. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, mwaka 2020 kilitoa azimio kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuzihusisha gemu na matukio ya ukatili kama mauaji, na kwamba kuzisingizia ni kuwatoa watu kwenye sababu halisi. Lakini azimio hilo hilo linakubali kwamba kuna uhusiano mdogo, unaojirudia, kati ya gemu za ukatili na vitu kama kufokeana na kusukumana. Wewe mwenye kibanda wala huhitaji profesa akuambie hilo, unayaona kila mtu akifungwa bao la dakika ya mwisho. Upande wa pili, Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na mwenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti juu ya vijana wa Uingereza wapatao elfu moja wa miaka 14 na 15, wakawauliza wazazi kuhusu tabia za watoto badala ya kutegemea maneno ya vijana peke yao, na hawakuona uhusiano. Kwa hiyo anayesema gemu zinaua hana ushahidi. Anayesema hazimgusi mtu hata kidogo anatia chumvi. Kaa katikati, ndipo palipo salama.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wa mtaani kwako wanalo mkononi bila kujua. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa kushindwa kuacha gemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake ni vikali: mtu ashindwe kujizuia, gemu izidi mambo mengine yote ya maisha yake, aendelee hata anapoona madhara, na hali hiyo kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Mtoto anayechelewa kurudi nyumbani kwa saa moja kwa sababu ya mechi hajaugua. Lakini mama akisimama akasema mwanawe hali, halali, kafeli na anaiba hela za mboga aje kwako, usimcheke. Huyo ndiye mtu mmoja katika mkutano mzima anayezungumza jambo lenye uzito wa kitabibu, na namna utakavyomjibu ndiyo itakayoamua upande wa watu walio kimya.

Sasa hilo la nchi nyingi kupiga marufuku. Hapa mzee yuko nusu kwenye kweli. Marufuku zimekuwepo, tena kwa wingi, ila tazama zilivyoishia. Rais Ferdinand Marcos alizipiga marufuku mashine za gemu Ufilipino mwaka 1981. China ilikataza pleisteshen na wenzake kuanzia mwaka 2000, na marufuku ikaja kuondolewa kabisa mwaka 2015. Katika muda wote huo vijana wa China hawakuacha gemu, walihamia kwenye kompyuta na intaneti kafe, wakawa soko kubwa kuliko nchi karibu zote. Nepal ilizima PUBG, gemu ya kurushiana risasi mtandaoni, Aprili 2019, na mahakama yao ya juu ikaisimamisha amri hiyo kabla mwezi haujaisha. Mwaka huo huo polisi wa mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat kule India, waliwakamata vijana kwa kosa la kuonekana wakicheza PUBG kwenye simu. Simu zao wenyewe, bando lao wenyewe.

Ninayotaka uishike sana ni ya Ugiriki, kwa sababu ni mkutano wenu wa mtaa kabisa, tofauti tu ni kwamba wao walikuwa na bunge. Mwaka 2002 serikali ya Ugiriki ilisumbuliwa na mashine za kamari zisizo na kibali. Zilikuwa zimejaa kwenye migahawa, zikijifanya gemu za kawaida, na wakaguzi walishindwa kuzitofautisha. Badala ya kuwafundisha wakaguzi, bunge likapitisha sheria namba 3037 iliyokataza gemu zote za umeme na za kielektroniki katika maeneo yote ya umma, pamoja na zile za kompyuta ndani ya intaneti kafe. Zote, kuanzia mashine ya kumeza sarafu hadi chesi ya kwenye skrini. Faini zikawa nzito na kifungo kikawekwa. Septemba mwaka huo huo kesi dhidi ya wenye intaneti kafe ikafika mahakamani katika mji wa Thessaloniki, na mahakama ikaitupa. Tume ya Ulaya nayo ikaishtaki Ugiriki. Oktoba 2006 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema marufuku ya jumla namna ile imepita kiasi, maana zilikuwepo njia nyepesi za kuzuia kamari bila kuua biashara halali. Serikali ikakawia kuibadilisha sheria. Mwaka 2009 ikatozwa euro milioni 3 pamoja na zaidi ya euro 31,000 kwa kila siku ya kuchelewa.

Unaona walipoteleza? Walikuwa na tatizo la kweli, kamari, wakalipiga tatizo la jirani.

Ndiyo maana nilisema sentensi yako ya buku buku ndiyo yenye hatari. Hoja yako nzito kuliko zote mbele ya mkutano ni kwamba kibanda chako si dubwi. Kwenye dubwi mtoto anatumbukiza sarafu, mashine inaamua, na anachotafuta ni hela. Mashine hizo zina sheria yake, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, zina Bodi yake, zinahitaji leseni, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwako mtu analipia muda na burudani, anaondoka bila kudai kitu. Ni tofauti ya wazi, mwenyekiti ataielewa bila wakili. Lakini siku mzee atakapopita jioni akaona noti juu ya televisheni na vijana wanne wamezizunguka, tofauti hiyo imekufa, na aliyeiua ni wewe. Utaniambia mpira wa kwenye skrini ni ujuzi na si bahati, na kwamba hela ni ya vijana wenyewe. Sitabishana nawe. Nakukumbusha tu kwamba hoja hiyo utakwenda kuitolea kituoni, usiku, mbele ya askari ambaye ameshakusanya pedi zako za gemu na noti zile kama vielelezo. Na ukitaka ujuzi wa kweli wa vijana uonekane, fanya shindano la wazi lenye kikombe au jezi unayoitoa wewe bila mtu kuchangia dau, tena kwanza ukaulize ofisi ya utamaduni na michezo ya Manispaa kama linahitaji kibali. Buku buku ikome kabla ya mkutano.

Kama unawajazia vijana daimondi, yaani sarafu za ndani ya gemu za simu, kwa kukutumia hela ya M-Pesa, basi jua kwamba huko nako dunia imeanza kubanana, na safari hii wabanaji wana hoja. Gemu nyingi huuza visanduku vya bahati: unalipa kwanza, kilichomo unakijua baadaye. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba visanduku hivyo ni kamari, na kampuni ya EA, iliyokuwa ikitengeneza gemu ya mpira ya FIFA, ikaacha kuuza pointi za gemu hiyo nchini humo mwanzoni mwa 2019. Uholanzi walijaribu njia hiyo hiyo wakamtoza EA faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama yao ya juu ya utawala ikaifuta. Desemba 2022 kampuni ya Epic, wenye Fortnite, ilikubali kulipa Marekani dola milioni 520. Sehemu yake ilikuwa adhabu ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na sehemu kurudisha hela za watu walionunuzwa vitu kwa vitufe vya kutatanisha. Kumbuka, hakuna aliyeulizia damu wala bunduki kwenye kesi hizo. Walifuata hela na umri, na wanaofuata hela na umri hushinda mara nyingi zaidi kuliko wanaofuata picha. Nikutajie na Korea Kusini: mwaka 2011 walizuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza gemu za mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakatumia vitambulisho vya wazazi, na miaka kumi baadaye sheria ikafutwa. China wao tangu Septemba 2021 wanamruhusu mtoto saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Muda nao hubanwa basi, ila ni kazi ngumu kuusimamia kutoka ikulu. Kutoka mlangoni kwa kibanda ni rahisi sana.

Vyombo vya habari navyo vina lao. Mei 2017 bodi ya filamu ya Kenya ilipiga marufuku kile kilichoitwa gemu ya Blue Whale baada ya kifo cha kijana mmoja Nairobi. Magazeti ya dunia nzima yalikuwa yameandika kwamba ni gemu inayomwamuru mtoto ajiue hatua kwa hatua. Ukiitafuta hiyo gemu uiweke kwenye simu, hupati: chimbuko lake ni habari ya gazeti la Urusi la mwaka 2016 kuhusu makundi ya mtandao wa VK, na idadi za vifo zilizotajwa hazikuwahi kuthibitishwa. Kulikuwa na watu wabaya kwenye makundi hayo, mmoja alifungwa. Gemu haikuwepo. Kwa hiyo mzee wako na sauti yake ya WhatsApp hajafanya la ajabu, amefanya waliyoyafanya wahariri wenye ofisi na viyoyozi.

Nikiri pia kwamba zipo lawama za haki ambazo sisi wapenzi wa gemu huzikwepa. Resident Evil 5 ya mwaka 2009 ilimweka Mzungu katika eneo la kubuni la Afrika Magharibi, akiwafyatulia risasi Waafrika walioambukizwa. Watu wakapiga kelele tangu filamu ya matangazo ya mwaka 2007, na walikuwa na haki ya kupiga. Waambukizwa wenyewe wanapiga mayowe kwa Kiswahili, huko huko Afrika Magharibi! Mtu akiiponda gemu ya namna hiyo simwiti mshamba. Namwomba tu asiniambie kwamba dawa yake ni kumfungia kijana wa Tandika anayekodisha mpira.

Turudi kwenye swali lako la pili. Mkutano wa mtaa unaweza kujadili, kulalamika, kupendekeza. Kukufungia kwa kura ya kunyoosha mikono, hapana. Mjini mwenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo ni halmashauri, yaani kwako Manispaa ya Temeke, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Sheria ndogo hiyo lazima ipite kwenye baraza la madiwani, wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni, waziri aidhinishe, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo wakija na kufuli, usigombane na mgambo. Omba barua yenye muhuri inayotaja ni sheria ipi na kifungu kipi, na omba nakala ya muhtasari wa mkutano. Barua isipokuwepo, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Mahakama iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu ukitaka kuishtaki halmashauri lazima kwanza uwape taarifa ya kusudio ya siku 90, na siku 90 bila mauzo wewe huna.

Lakini usivimbe kichwa. Kuna milango ambayo hawahitaji sheria mpya kuingilia. Kama huna leseni ya biashara, au kitambulisho kinachokuhusu kama mfanyabiashara mdogo, watakufunga kwa hilo na gemu hazitatajwa hata mara moja. Kelele za spika usiku zina kanuni zake na NEMC, baraza la mazingira, wanazisimamia. Mtoto wa shule ya msingi anayetakiwa kuwa darasani analindwa na Sheria ya Elimu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto ambaye maslahi yake ndiyo yatatangulia. Ukianza kuuza intaneti, kuna kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zinazodai hata kamera. Na zile diski za kuchoma, ziondoe, hakimiliki ni mlango mwingine. Mtu akikuchukia kwa sababu ya gemu atatafuta mlango ulio wazi kuliko yote, na huo mara nyingi si mlango wa gemu.

Kuhusu maneno ya kusema, nakushauri ufanye kama walivyofanya wenye gemu Marekani mwaka 1993. Maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliwaita bungeni, wakawawekea gemu za Mortal Kombat na Night Trap mbele ya kamera za televisheni, wakawaambia jipangeni wenyewe au tutawapangia sisi. Sega na Nintendo, kampuni mbili za gemu waliokuwa wakichafuana hadharani mbele ya maseneta wale wale, wakakaa meza moja, na mwaka 1994 ikazaliwa ESRB, bodi yao ya kupanga umri kwenye maboksi. Serikali haikutunga sheria. Ulaya nao wana alama zao za PEGI tangu 2003, namba 3, 7, 12, 16 na 18, na bila shaka umeziona kwenye maboksi yanayouzwa Kariakoo ila hukuzitilia maanani. Sisi hatuna bodi ya namna hiyo kwa gemu. Bodi ya Filamu ilizaliwa na sheria ya mwaka 1976, ya filamu na michezo ya kuigiza, wakati pleisteshen haijawazwa. Pengo hilo ndilo nafasi yako.

Wakusanye wenzako wenye vibanda wa Tandika kabla ya siku ya mkutano, hata mkiwa watano. Andikeni karatasi moja. Mwanafunzi mwenye sare haingii, nukta. Siku za shule hakuna mtoto kabla ya saa za masomo kuisha, na saa kumi na mbili jioni watoto wanatoka wote. Gemu zenye alama ya 18, kama GTA na Mortal Kombat, hachezi mtoto wala hazionyeshwi kwenye skrini inayotazama barabarani. Mpira unabaki wa wote, PEGI wenyewe wanaupa 3. Hakuna dau, hakuna sigara, hakuna bangi. Pazia la mlangoni litoke, mzazi apite aone ndani bila kuomba ruhusa. Namba ya simu ya mwenye kibanda ibandikwe nje, ili mama anayemtafuta mwanawe apige. Wapeni mwenyekiti na mtendaji nakala, na mkaseme mbele ya watu kwamba atakayevunja, ninyi wenyewe mtakuwa wa kwanza kumpeleka ofisini.

Utapoteza hela. Watoto wa mchana ni sehemu kubwa ya mauzo yako, nadhani, na wale wa buku buku ndio wanaokaa hadi usiku. Sina namna ya kukupunguzia hilo. Ila ukisimama mkutanoni na karatasi hiyo, mjadala unahama kutoka kufunga au kutofunga kwenda saa kumi na mbili au saa kumi na moja, na huo ni mjadala unaoweza kuumudu.

Mzee wa ile sauti usimjibu kwenye kundi. Mfuate kwake, mwamkie, mweleze taratibu hukumu ilisema nini, kisha muombe awe msimamizi wa karatasi yenu, yeye na mama mmoja mtakayemchagua. Akikubali, amezuiwa kuwa mpinzani. Akikataa, umeshamwambia mbele ya familia yake kwamba ile sauti si kweli, na mkutanoni atapima maneno. Leseni yako ikague leo, tazama tarehe ya mwisho. Kama imekwisha, anza na hiyo kabla hujaenda kwa mtu yeyote.